Bwana Ncha na Mtandao Usio na Waya

Ukienda kumtembelea Baba Mkubwa ukachaji simu yako, halafu ukaichukua simu na kuiacha chaja ukutani, ncha yake ikining'inia, jua umemkosea. Hatasema kitu. Atainuka kitini taratibu, ataichomoa, ataizungusha vidoleni, ataifunga kwa kipande cha uzi na kukukabidhi kwa mikono miwili, kama anayekurudishia kitu ulichokidondosha njiani. Hutarudia tena.

Kiwandani walimwita Bwana Ncha. Ni kiwanda cha sabuni, na yeye alikuwa fundi umeme pale tangu ndevu zake zikiwa za kuhesabu mpaka zilipoota mvi. Jina lilianza kama utani, lakini jambo lenyewe halikuwa la utani. Alipokuwa bado mgeni kazini, mwenzake wa zamu, kijana waliyekuwa wakigawana chakula kila mchana, alishika ncha ya waya iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mashine. Kila mtu alijua waya ule ulikuwa umekufa. Haukuwa umekufa. Yule kijana alipona, ila mkono wake wa kulia haukufunga tena kifungo cha shati. Wakubwa wa kiwanda wakakaa kikao wakatoka na neno moja: uzembe. Wa nani? Wa aliyeungua! Mimi hadithi hii nimeisikia mara nyingi, na kila nikiisikia damu inanichemka upya. Baba Mkubwa yeye hachemki. Anasema tu kwamba tangu siku ile, kila zamu ilipoisha, wenzake wakinawa mikono na kukimbilia getini, yeye alipita mashine moja moja akitafuta ncha zilizoachwa. Kila ncha ina mahali pake. Kama haina, itafutiwe. Miaka yake yote iliyofuata pale, hakuna mwingine aliyeungua katika zamu yake. Hakupewa cheti wala kupigwa picha. Alipostaafu walimpa katoni ya sabuni, tena zile zilizopinda.

Mtu wa namna hiyo akiletewa mtandao nyumbani, mnadhani atafanya nini?

Alitoboa nyumba. Siku chache baada ya watu wa kampuni kuleta kisanduku chao kisichorusha waifai na kukiweka sebuleni, Baba Mkubwa alipanda ngazi na drili yake na hakushuka mpaka kila chumba kilipopata waya wake, umepita ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki, umenyooka kama mstari wa rula, umeishia kwenye soketi ukutani. Tena si soketi moja. Kila chumba mbili: moja ya kazi, moja ya akiba. Jikoni mbili. Barazani mbili. Banda la kuku nalo lina zake mbili, na mpaka leo kuku hawajawahi kuzitumia. Nyaya zote zinarudi sebuleni, kwenye kabati lililokuwa la glasi za wageni, zinaingia kwenye kisanduku cha kampuni na kingine cha kuongezea matundu, kila waya umefungwa uzi wa rangi yake. Glasi za wageni zilihamia chini ya kitanda.

Kazi ilikuwa safi, na sisemi hivyo kwa kuwa ni Baba Mkubwa. Tatizo lilikuwa moja: ulitaka mtandao, ulikwenda ukutani. Dada yangu, yaani binti yao anayeuza kwenye duka la dawa, alinunua kile kidude cha kuchomekea waya kwenye simu, akawa anajibu ujumbe wake amesimama sebuleni uso ukutani, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu.

"Unaongea na nani huko ukutani?" Mama Mkubwa alimuuliza siku moja.

"Na mchumba."

"Mwambie asogee basi, na sisi tumwone."

Baba Mkubwa hakucheka. Kwake yeye, hivyo ndivyo mambo yalivyotakiwa kuwa. "Waya una heshima," aliniambia nilipohamia kwao kutafuta kazi baada ya chuo. "Unajua umeanzia wapi na umeishia wapi. Ukikatika, unafuata mpaka ulipokatika. Hayo ya hewani, yakikatika utayafuata wapi?"

Nilikuwa na hasira. Nyumba nzima ina mtandao, na watu wake wamefungwa ukutani kama mbuzi! Niliamini, na bado naamini, kwamba kitu hiki kinapaswa kumfikia mtu pale alipo, akiwa kitandani, jikoni, au kwenye kazi ya mikono yake. Nikalisema hilo mezani kwa sauti kubwa kidogo. Baba Mkubwa akanisogezea bakuli la mboga.

"Kula, msomi."

Aliyekuja kubadilisha mambo ni Mama Mkubwa, tena kwa mkasi.

Mama Mkubwa ni fundi wa kushona. Alikuwa na kibanda chake barabarani, na ndani ya kibanda kile amewafundisha wasichana wengi kukata na kushona hadi wakatawanyika miji mbalimbali na cherehani zao. Barabara ilipopanuliwa, kibanda kikawekewa alama nyekundu asubuhi, jioni kikawa kifusi. Akarudisha cherehani nyumbani, kwenye chumba cha nyuma, akawa anabadilisha zipu za majirani. Hakulalamika, lakini aliacha kuimba. Zamani, akikata kitambaa, alikuwa anaimba.

Ndipo wale wasichana wake wa zamani, sasa wanawake wenye vibanda vyao, wakampigia simu. Walitaka awafundishe tena ile kola yake. Kola ya Mama Mkubwa ni kitu kingine: inasimama shingoni bila kukaba na bila kulala, na hakuna hata mmoja wao aliyefanikiwa kuikata vilevile. Wakakubaliana wakutane kwenye simu, kwa picha, kila Jumamosi saa kumi, wao na wanafunzi wao wapya. Lakini kundini kulikuwa na wengine waliosema kwa nini wahangaike na mama wa zipu, wakati kuna fundi kijana anayefundisha huko mitandaoni, ana taa tatu na muziki. Wakapatana hivi: Jumamosi moja ya majaribio. Isipokwenda vizuri, watakwenda kwa yule wa taa.

"Isipokwenda vizuri," Mama Mkubwa aliniambia akiwa ameinamia zipu, "mimi nafunga. Nitakufa nikishona zipu. Sitaki kuaibika mara mbili."

Chumba chake kiko nyuma kabisa, kuta nene, bati juu. Mtandao wa simu wa kawaida humo unaupata ukisimama juu ya stuli ukiinamia dirishani, na hivyo huwezi kukata kola. Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikuwa la waya. Tuliichomeka simu yake kwa kile kidude cha Dada kwenye soketi ya ukutani, waya mrefu ukapita juu ya meza ya kukatia, na Dada akakaa sebuleni na simu nyingine akijifanya mwanafunzi. Picha ilikuja safi. Mama Mkubwa akatandaza kitambaa, akachora kwa chaki, akashika mkasi wake mkubwa, akaanza kueleza. Alipoanza kueleza, uso wake ukabadilika. Nikaona sasa ataimba.

"Hapa unakata moja kwa moja," alisema, "bila kusitasita."

Akakata bila kusitasita. Kitambaa na waya.

Baba Mkubwa aliuokota ule waya vipande viwili, akavitazama kama anayetambua maiti.

"Umeukata vizuri," alisema mwishoni. "Umenyooka."

"Mzee wangu," Mama Mkubwa alisema, "kwenye meza hii kitu chochote kirefu kinakatwa. Mkono wangu haujui tofauti."

Hapo ndipo nilipotoa hoja yangu. Hatuondoi waya hata mmoja, nilisema. Nyaya zote zinabaki. Tunanunua ruta moja ndogo ya waifai, tunaichomeka kwenye soketi ya chumba cha kushonea, nayo inapokea mtandao kutoka kwenye waya wake mwenyewe, Baba Mkubwa, na kuurusha hewani mle chumbani tu. Waya unafika mpaka mlangoni, hewa inamalizia hatua za mwisho.

"Na jirani?" aliuliza.

"Jirani amefanya nini?"

"Waya wangu hauvuki ukuta. Hewa inavuka. Jirani akikaa upande wake, amefungua mdomo tu, anakula mtandao wangu."

"Tutaweka neno la siri."

Akafikiri. Akamtazama Mama Mkubwa, aliyekuwa akikunja kile kitambaa kilichokatika vibaya, akikikunja kidogo kidogo mpaka kikawa kama leso. Nadhani ni ule ukunjaji uliomshinda.

"Leta hicho kidude," alisema. "Lakini neno la siri nalitoa mimi."

Ruta ilifika Alhamisi. Ilikuwa nyeupe, ina pembe mbili, na nyuma ina matundu manne ya njano na moja la bluu lililokaa peke yake. Baba Mkubwa aliigeuza akaikagua kila upande, akainusa. Nikachukua waya mfupi, ncha moja kwenye soketi ya kazi ukutani, ncha nyingine kwenye tundu mojawapo la njano. Nikachukua waya wa pili, nikachomeka tundu jingine la njano na ncha ya pili kwenye kompyuta yangu, ili niipe ruta maelekezo. Taa zikawaka. Simu ya Mama Mkubwa ikaona waifai, ikajiunga. Tukapiga makofi. Halafu simu ikasema imeunganishwa lakini haina mtandao.

Baada ya muda ikapata. Halafu Dada akapiga kelele kutoka sebuleni kwamba kompyuta yake, ya waya, ambayo haijawahi kusumbua, imekosa mtandao.

"Umeanza," alisema Baba Mkubwa kwa utulivu.

Nikasoma kijitabu cha maelekezo, nikakuna kichwa, nikaelewa. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao wa nyumba lazima kipewe namba yake. Kisanduku cha sebuleni ndicho kilichokuwa kikigawa namba miaka yote. Sasa ruta mpya, bila kuulizwa na mtu, nayo imeanza kugawa za kwake, na anayechukua namba kwake anatumwa kutokea kwenye mlango usiokuwepo. Nilimweleza Baba Mkubwa hivyo, nikitegemea aniulize maswali.

"Manyapara wawili kwenye zamu moja," alisema. "Nimefanya kazi chini yao. Mmoja anakutuma kulia, mwingine kushoto, jioni wote wanakuuliza kwa nini hukufanya kazi."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Basi mnyamazishe huyu mgeni. Afanye kazi, asitoe amri."

Nikaingia kwenye maelekezo ya ruta nikamnyamazisha mgeni: asigawe namba, apokee na kupitisha tu. Nikaizima, nikaiwasha. Simu ya Mama Mkubwa ikafunguka. Kompyuta ya Dada ikafufuka. Likabaki neno la siri. Baba Mkubwa akafumba macho na kutamka mfululizo wa herufi na namba mrefu kuliko foleni ya hospitali. Nikaandika, nikamwomba arudie, akarudia bila kukosea.

"Ni nini hiyo?" Mama Mkubwa akauliza.

"Namba ya mota ya kwanza niliyoitengeneza kiwandani."

"Tarehe ya harusi yetu huikumbuki, namba ya mota unaikumbuka?"

"Mota haijawahi kuniuliza."

Tukajaribu darasa tena. Mama Mkubwa akazunguka meza na simu mkononi, akaisogeza karibu na kitambaa, akaiinua juu, akakata, hakuna kilichokatika kisichotakiwa. Kwa sauti ya chini sana, akaimba. Baba Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, akageuka akaenda barazani akakaa peke yake kwa muda mrefu. Mimi nikachomoa kompyuta yangu, nikaenda kuoga, nikijiona mkombozi.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na drili ya betri. Baba Mkubwa alikuwa ameamka akiwa mtu mwingine, anapiga mluzi, amevaa ovaroli lake la kiwandani.

"Nakipanga chumba kidogo," alisema. "Mama yako anatazamwa na watu leo."

Alikuwa amezima umeme wa nyumba nzima, kwa sababu hawezi kutoboa ukuta ukiwa na umeme, hata kama ni kutundika kalenda. Mimi nikatoka kwenda kuonana na mtu kuhusu kazi, na Dada akaenda dukani kwake. Niliporudi mchana umeme ulikuwa umewashwa, na chumba cha kushonea kimekuwa studio. Ruta ilikuwa imefungwa juu ukutani, nyuma ya meza, karibu na dari, pembe zake zimesimama sawasawa. Mfereji mpya wa plastiki ulishuka kutoka kwenye ruta ukiwa umenyooka mpaka chini. Simu ya Mama Mkubwa ilikuwa na stendi yake, aliyoitengeneza kwa shingo ya feni mbovu, inayoinama na kuinuka utakavyo. Mama Mkubwa mwenyewe alivaa gauni lenye kola yake, futikamba shingoni, amejipaka mafuta, anang'aa.

"Umependeza, Mama Mkubwa."

"Nyamaza. Moyo unakwenda kama cherehani ya mota."

Robo saa kabla ya saa kumi akaigusa simu. Simu ikazungusha kile kiduara chake. Ikazungusha. Ikazungusha.

"Mwanangu," aliniita, "mbona hakifunguki?"

Nikakimbilia kompyuta ya sebuleni. Nayo inazungusha. Dada, aliyerudi mapema ili asikose, akajaribu kidude chake ukutani.

"Hata mchumba hapatikani," alisema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nyumba nzima ilikuwa imekufa: mtandao wa hewa, mtandao wa waya, na bila shaka hata wa kuku. Nikazima kisanduku cha sebuleni, nikahesabu pumzi, nikawasha. Taa zikawaka vizuri, moja baada ya nyingine, halafu ghafla zote zikaanza kupepesa kwa pamoja, kwa kasi, kama zimepandwa na wazimu. Nikazima tena. Zikarudia. Baba Mkubwa alikuja akasimama nyuma yangu. Nilijua alichotaka kusema. Alikuwa na haki ya kukisema: ya hewani yakikatika, utayafuata wapi? Hakukisema. Na huko kutokusema kuliniuma kuliko kama angesema.

"Ni kile kidude changu," nilisema. "Naomba radhi, Baba Mkubwa. Nitakiondoa."

"Ukikiondoa atatumia nini?"

Nikakumbuka chumba cha nyuma. Nikaenda. Mama Mkubwa alikuwa ameivua futikamba shingoni na kuiweka mezani. Alikuwa anakunja kitambaa cha kola. Anakikunja kidogo kidogo.

"Mama Mkubwa, subiri."

"Wameshaanza kuuliza," alisema. Alikuwa amepanda stuli kusoma ujumbe dirishani. "Mmoja ameandika kwamba yule wa taa naye anaanza saa kumi."

"Acha kukunja hicho kitambaa!" nilisema, kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha mtu mzima. Akaacha, kwa mshangao tu.

Nikainua macho kwenye ruta. Taa zake nazo zilikuwa zinapepesa wazimu ule ule. Nikaufuata ule mfereji mpya kwa macho, kutoka juu kushuka chini. Ulikuwa mpana kidogo kuliko nilivyotegemea. Ulikuwa na nyaya mbili. Mmoja unaingia kwenye soketi ya kazi, na wa pili unaingia kwenye soketi ya akiba.

"Baba Mkubwa," niliita, "hii ya pili ni ya nini?"

Akaja mlangoni. "Ipi?"

"Hii. Hapa palikuwa na waya mmoja tu."

"Ah, huo. Uliuacha wewe. Ulipochomoa kompyuta yako, uliacha ncha inaning'inia kwenye ruta." Sauti yake haikuwa ya lawama, ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekufichia aibu. "Nikautafutia mahali pake."

Nikakaa chini sakafuni. Kicheko kilinijia, na sikuwa na muda wa kucheka.

"Baba Mkubwa. Soketi zote mbili zinakwenda kwenye kabati lile lile la sebuleni, si ndiyo?"

"Ndiyo. Zote."

"Basi habari inatoka sebuleni, inapanda kwa waya huu, inaingia kwenye ruta, ruta inaipitisha, inashuka kwa waya wa pili, inarudi sebuleni. Sebuleni wanaiona ni habari mpya, wanaituma tena. Inazunguka. Ni kama umbea uliorudi kwa aliyeuanzisha, naye akausambaza upya. Nyumba imejaa kelele mpaka hakuna anayesikilizana."

Nilikuwa bado naeleza alipoelewa. Niliona uso wake ukielewa. Alitazama mfereji wake, kazi ya asubuhi nzima, alioupiga msasa pembeni ili usichane gauni la mkewe.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Chomoa wa akiba, Baba Mkubwa. Hapo chini, karibu yako."

Akainama. Akaushika. Mkono haukuvuta. Naapa mkono ule, uliochomoa mambo makubwa zaidi kiwandani, uligoma. Alijua vizuri kabisa kwamba waya wa mtandao hauunguzi mtu. Lakini miaka mingi ya zamu ilikuwa imekaa mle vidoleni, na vidole havikuwa vinafikiri kuhusu mtandao.

"Mzee wangu," Mama Mkubwa alisema. Hakuinua sauti. "Chomoa."

Akachomoa.

Taa za ruta zikasita, kama mtu aliyeitwa jina katikati ya ugomvi. Halafu zikatulia, zikaanza kupepesa moja moja, kila moja na shughuli yake. Sekunde chache tu na simu kwenye shingo ya feni ikalia, ikafunguka, na nyuso zikaanza kumwagika: mmoja, watatu, wengi, wengine na watoto mgongoni, wengine na cherehani nyuma yao.

"Mwalimu! Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, wanangu," Mama Mkubwa alisema, na futikamba ilikuwa imesharudi shingoni. Sikuona imerudije. "Mlidhani nimelala?"

Darasa likaanza. Mimi na Dada tukajibanza nyuma ya mlango. Ndipo tulipoona shida mpya. Ncha ya waya ilikuwa mkononi mwa Baba Mkubwa. Kuirudisha ukutani hawezi, ataiua nyumba. Kuuchomoa waya upande wa pili kunataka apande kiti nyuma ya mwalimu, mbele ya darasa zima, na ovaroli lake. Kuiacha ikining'inia, mnamjua. Nilimwonyesha kwa ishara: iachie tu. Akatikisa kichwa. Dada akamwonyesha: itupe. Akamtazama kama mtoto asiye wake. Kisha akavuta stuli polepole, akakaa kando ya ukuta, mgongo wima, ncha ameishika kwa vidole viwili mbele ya kifua, kama mtu aliyeshika mshumaa kanisani.

Mama Mkubwa alifundisha. Alichora, akapima, akasogeza simu karibu mpaka wakaona uzi na uzi. Kuna mmoja alibisha kuhusu pembe ya kola, sauti yake ya kujiamini, nadhani ni yule wa kundi la taa. Mama Mkubwa akamwambia akate anavyojua yeye. Akakata, akaishona haraka, akaivaa. Ikalala shingoni kama sikio la mbuzi. Darasa zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka, akasema, "Haya mwalimu, nifundishe." Hapo nikajua tumeshinda.

Katikati ya somo, sauti ya kitoto ikatoka kwenye simu:

"Mwalimu, samahani. Huyo mzee hapo nyuma ameshika nini?"

Baba Mkubwa hakusogea. Mama Mkubwa hakugeuka hata kidogo, mkasi uko njiani.

"Huyo ndiye mtandao," alisema. "Mkimchekesha akiachia, tunakatika. Haya, kunjeni kola."

Wakakunja kola kwa heshima kubwa. Naye Bwana Ncha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alitabasamu akiwa kazini. Alikaa hivyo mpaka mwisho wa somo, hakubadilisha hata mkono, na Mama Mkubwa alipoanza kukata kitambaa cha mwisho aliimba, kwa sauti sasa, na wanafunzi wa zamani wanaoujua wimbo wakaitikia kutoka miji yao, sauti zikichelewana kidogo.

Walipoagana, yule mbishi akauliza, "Jumamosi ijayo saa kumi, mwalimu?"

"Saa kumi. Msichelewe."

"Na mtandao awepo!" wakapiga kelele.

Jioni nilipanda kiti nikauchomoa ule waya juu kwenye ruta, nikampa Baba Mkubwa. Akauzungusha, akaufunga kwa uzi mwekundu wa Mama Mkubwa, akautundika kwenye msumari. Nilisema kwa mbwembwe kwamba leo waya na hewa vimepatana. Akaniambia niende nikafunge kuku.

Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe bila kuitwa, amevaa shati safi, akakaa kwenye stuli ile ile. Nyuso zikajaa kwenye simu, zikamsalimu. Lakini hakuwa na kitu cha kushika. Aliitazama mikono yake, akaiweka magotini, akaiondoa, akaikunja kifuani. Haikupata pa kukaa. Mama Mkubwa alikuwa ameshaanza kupima kitambaa. Akavua futikamba shingoni, akampelekea upande mmoja bila kumtazama.

"Shika hapa," alisema. "Usiachie."